Kusafisha na kutunza mashine ya kusagia sampuli: ushauri kwa wanaoanza kazi katika maabara ya nafaka

Fundi sanifu kijana anayeripoti kazini katika maabara ya nafaka kwa kawaida hupewa siku za kutosha kujifunza kifaa cha kupimia sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka, kisha huonyeshwa mashine ya kusagia sampuli kwa muda usiotosha hata kumaliza kikombe cha chai: hapa unamimina, hapa unawasha, hapa unakinga unga. Kwa maoni yangu mafunzo hayo yamegeuzwa kichwa chini miguu juu. Kifaa cha kupimia kina programu inayokataa kuendelea mtumiaji anapokosea, ilhali mashine ya kusagia haikatai kitu, na ndiyo yenye uwezo wa kukata kidole, kujaza mapafu vumbi na kuharibu matokeo ya sampuli kumi mfululizo bila mtu kujua. Aghalabu madhara hayo yote hutokea saa ya kusafisha, au kwa sababu ya kutosafisha. Kwa hiyo nitakaa zaidi hapo, na mambo ya kusaga kwenyewe nitayagusa pale tu yanapohusika.

Nazungumzia hasa mashine ya nyundo ya ukubwa wa mezani, ile inayotumika kusaga mahindi, mtama, mashudu na vyakula vya mifugo. Ina mdomo wa kulishia juu, chumba cha kusagia chenye nyundo au visu vinavyozunguka, chekeche la chuma lililokizingira chumba hicho, na chini yake kopo au mfuko wa kukingia unga. Aliyewahi kusimama kwenye mashine ya kusaga ya mtaani atazitambua sehemu hizi mara moja, maana kanuni ya kazi ni ile ile. Tofauti ni kwamba unga wa mtaani ukichanganyika kidogo na wa jirani aliyetangulia hakuna anayedhurika, lakini katika maabara mchanganyiko huo hugeuka kuwa namba kwenye cheti, na cheti hicho huweza kuzuia shehena mpakani au, vibaya zaidi, kuiruhusu iingie sokoni.

Uzito wa jambo hili unaeleweka zaidi mtu akikumbuka kilichowahi kutokea. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu aina ya aflatoksini yaliugusa ukanda wa mashariki wa Kenya, hasa Makueni na Kitui. Wagonjwa 317 waliorodheshwa na 125 kati yao walifariki. Mwaka 2016 Tanzania ilipata mlipuko wake katika mikoa ya Dodoma na Manyara, wagonjwa 68 na vifo 20. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwa mahindi katika viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kila kilo, na mikrogramu 5 kwa aflatoksini B1, aina yake iliyo kali zaidi, peke yake. Hizo ni kiasi kidogo mno, na udogo huo ndio unaoifanya mashine chafu kuwa tatizo la kipimo, mbali na kuwa tatizo la usafi.

Chukua kalamu tufanye hesabu. Sumukuvu haisambai sawasawa katika gunia: punje nyingi huwa salama kabisa, na chache zilizovamiwa na kuvu hubeba karibu mzigo wote. Tuchukulie punje moja ya gramu 0.3 yenye mikrogramu 400,000 kwa kilo, kiasi ambacho punje iliyoharibika vibaya huweza kufikia. Punje hiyo ina mikrogramu 120 za sumu, na ukiisaga ndani ya sampuli ya kilo 5 peke yake inatosha kuifikisha sampuli nzima kwenye mikrogramu 24 kwa kilo, zaidi ya mara mbili ya kikomo. Ndiyo sababu tunasaga sampuli kubwa yote kwa ulaini unaolingana, kisha tunachanganya vizuri kabla ya kuchota gramu chache za kupima.

Sasa geuza hesabu upande wa pili. Mashine ya nyundo iliyosimamishwa bila kusafishwa hubakiza unga nyuma ya chekeche, kwenye pembe za chumba na chini ya mfuniko. Gramu 5 ni kiasi cha kawaida, na mara nyingi huzidi. Ikiwa sampuli iliyotangulia ilikuwa na mikrogramu 2,000 kwa kilo, gramu 5 hizo zina mikrogramu 10 za sumu. Saga baada yake kilo moja ya mahindi safi kabisa, nayo itasoma karibu mikrogramu 10 kwa kilo: mkulima asiye na kosa anasimama kwenye ukingo wa kufeli. Na hapo nimechukulia kwamba unga wote umechanganywa sawasawa. Aliye na haraka akachota gramu zake kutoka unga uliotoka mwanzo, ambao ndio uliosukuma mabaki nje, atapata namba ya kutisha kuliko hiyo.

Nikirudi kwenye vidole. Kabla mkono haujaingia ndani ya chumba cha kusagia, zima swichi, chomoa plagi kwenye soketi, na uiweke plagi mahali unapoiona wewe mwenyewe muda wote unaposafisha; kama waya ni mrefu, ilaze juu ya meza mbele yako. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, kwa sababu mwenzako anaweza kupita, akaona mashine imezimwa na sampuli zake zinasubiri, akaiwasha kwa nia njema kabisa. Kwa mashine kubwa zilizounganishwa moja kwa moja ukutani, zima kwenye kabati la umeme, tia kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwako wewe unayesafisha, usikae kwa msimamizi wala mezani. Kisha subiri. Nyundo haziachi kuzunguka mara tu umeme unapokatwa; mashine nyingine ndogo huzidi mizunguko 10,000 kwa dakika, na mlio wake hufifia kabla mzunguko wenyewe haujaisha. Usiuamini ukimya. Tazama pulei au ncha ya ekseli, uone imesimama, ndipo ufungue mfuniko.

Katika nchi zetu kuna hatari moja ambayo vitabu vingi vya maelekezo huitaja kwa mstari mmoja tu, nayo ni umeme kukatika katikati ya kazi. Mashine inanyamaza, chumba kinakuwa kimya, na mtu anasema moyoni, hapa ndipo pa kuzibua lile chekeche lililoziba. Kama swichi ya mashine ni ya kawaida ya kubonyeza kushoto na kulia, umeme ukirudi mashine inaanza yenyewe, mkono ukiwa ndani. Mashine nzuri zina swichi inayojizima umeme ukikatika na isiyowaka hadi kitufe kibonyezwe upya. Siku yako ya kwanza kazini, muulize msimamizi kama mashine yenu ina swichi ya namna hiyo. Kama hajui, jaribuni pamoja mashine ikiwa tupu na imefungwa, kwa kuzima umeme kwenye soketi wakati inazunguka na kuuwasha tena. Ikianza yenyewe, fundi umeme anaweza kufunga swichi inayofaa kwa gharama ndogo kuliko unavyodhani. Hadi hapo itakapofungwa, weka sheria isiyo na mjadala: umeme ukikatika, plagi inachomolewa kwanza, hata kama huna mpango wa kugusa kitu.

Mfuniko wa mashine nyingi una swichi ndogo inayokata umeme mfuniko unapofunguliwa. Utakuta mahali ambapo swichi hiyo imebandikwa utepe au imewekewa sumaku ili mashine izunguke wazi, na utaambiwa kwamba bila hivyo kazi haiendi. Kataa kufanya kazi na mashine hiyo, kwa heshima lakini kwa uthabiti. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Namba 5 ya mwaka 2003, na Kenya ina yake ya mwaka 2007. Zote zinamtaka mwajiri aweke kinga kwenye mitambo. Mgeni kazini anaona vigumu kusema hapana mbele ya wakubwa zake, nalielewa hilo, lakini maneno kama "mzee, naomba tuirudishe hii swichi kabla sijaanza" hayajamvunjia mtu heshima.

Kuhusu mavazi, jambo moja huwachanganya wanaoanza. Wakati mashine inazunguka, glovu pana, mikono ya koti isiyofungwa, kamba ya kitambulisho shingoni, bangili, ncha ya mtandio au ya tai ni vitu vinavyoweza kunaswa na kumvuta mtu. Ondoa au chomeka kila kinachoning'inia, na usivae glovu za kulegea karibu na kitu kinachozunguka. Wakati wa kusafisha, mashine ikiwa imekatwa umeme, glovu ni lazima, kwa sababu unagusa unga ambao huenda una sumu na unagusa kingo za nyundo na chekeche ambazo hukata ngozi kama wembe. Koti la maabara lifungwe vifungo vyote, nywele zifunikwe, na koti hilo lisiende nyumbani kufuliwa pamoja na nguo za watoto. Miwani ya kinga huvaliwa nyakati zote mbili, na iwapo humsikii mwenzako aliye umbali wa mkono mmoja, vaa vizibo vya masikio.

Vumbi linahitaji maneno zaidi, kwa sababu ndilo linalozoeleka upesi kuliko hatari zote. Unga laini hubaki hewani muda mrefu baada ya mashine kuzimwa, na chembe ndogo zaidi, zile usizoziona, ndizo zinazofika chini kabisa ya mapafu. Vumbi la nafaka peke yake, hata likiwa halina sumu yoyote, husababisha pumu kwa baadhi ya watu wanaolivuta kwa miaka, ugonjwa unaojulikana vizuri miongoni mwa waoka mikate. Ongeza hapo aflatoksini, ambayo wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani umeiweka katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, na utaelewa kwa nini barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali ya rangi ya samawati haitoshi. Tumia barakoa ya vumbi ya daraja la N95 au FFP2, iliyobana usoni pande zote. Ndevu nyingi huiachia nafasi ya hewa kupita pembeni, na kwa ndugu zetu wenye ndevu za kidini suluhisho ni barakoa ya kichwa kizima yenye feni, au kupangiwa kazi nyingine. Msimamizi mwenye busara atalizungumza hilo mapema na bila kumdhalilisha mtu.

Katika maabara nyingi njia ya kusafisha iliyozoeleka ni hewa ya kompresa. Inapuliza haraka, inafika kila kona, na mashine inaonekana kama mpya. Mimi siipendi, isipokuwa inapofanyika ndani ya sanduku lililofungwa lenye feni ya kuvuta vumbi nje kupitia chujio. Hewa ya kompresa haiondoi unga. Inauhamisha kutoka ndani ya mashine kwenda hewani, na kutoka hewani kwenda kwenye mapafu yako, kwenye mizani ya mwenzako na juu ya sampuli zilizofunguliwa chumba cha pili. Pia husukuma unga ndani ya beringi na ndani ya mota, ambako ungeweza usifike kamwe. Kama hamna budi kuitumia, punguzeni shinikizo lisizidi bari 2, elekezeni mdomo wa bomba mbali na nyuso, na mtu asijipulizie nguo wala ngozi, kwa kuwa hewa yenye shinikizo inaweza kupenya ngozi na kuingia mwilini. Wingu la unga lililo zito linaweza pia kulipuka likikutana na cheche, na mota yenye brashi za kaboni hutoa cheche kila inapozunguka. Mashine moja ndogo ya mezani haijazi chumba kwa kiasi hicho, lakini mfuko wa unga unaokung'utwa mbele ya hita ya umeme ni hadithi nyingine.

Kifaa ninachokipendekeza ni mashine ya kufyonza vumbi yenye chujio la HEPA, lile linalonasa hata chembe ndogo mno, pamoja na brashi ya nailoni au ya nywele. Ya kawaida ya nyumbani hufyonza unga kwa mbele na kuupuliza ule ulio laini zaidi kwa nyuma, kwa hiyo inaongeza tatizo huku ikionekana kulitatua. Brashi ya waya za chuma iepukwe kabisa: waya hukatika, hubaki ndani ya chumba, na siku ya pili unausikia mlio wa chuma kugonga chuma. Ufagio mkavu nao hauna kazi katika chumba hiki. Sakafu na meza hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu.

Kazi yenyewe hufuata mwelekeo wa unga, kuanzia juu kwenda chini, kwa sababu kinachodondoka kutoka juu hukuta sehemu ambayo bado haijasafishwa. Anza na mdomo wa kulishia, ufyonze na kupiga brashi, kisha fungua mfuniko na uugeuze. Chini ya mfuniko, kwenye mfereji unaokaa mpira wa kuzibia, utakuta utepe mwembamba wa unga ulioshindiliwa hadi ukawa mgumu kama chaki. Huo ndio ninaouangalia kwanza ninapotaka kujua kama mashine inasafishwa kweli au inafutwa usoni tu. Utoe kwa kijiti cha plastiki au cha mbao, usitumie bisibisi. Toa chekeche, ukiweka alama upande gani unaelekea ndani kama halina alama, na ulinyanyue kwenye mwanga wa dirisha. Matundu safi yanaonyesha mwanga kwa usawa; yaliyoziba yanaonekana kama madoa meusi. Yapige brashi kutoka nje kwenda ndani, kinyume na njia ya unga, na usiyazibue kwa sindano au pini, kwa maana ukilipanua tundu moja umeupa njia unga mkubwa ambao chekeche liliwekwa kuuzuia.

Baada ya chekeche ni nyundo zenyewe. Zungusha ekseli kwa mkono taratibu, ukipiga brashi kila nyundo pande zote mbili pamoja na pini inayoishikilia, kisha ukuta wa chumba, na hasa nafasi iliyo kati ya chekeche na ukuta, ambako kwa uzoefu wangu unga mwingi kuliko mahali pengine popote hujificha. Malizia na njia ya kutokea, kopo la kukingia na mfuko wa kitambaa. Mfuko huo husahaulika. Kitambaa kimoja kikitumika kwa sampuli zote kinabeba sampuli zote, na hakuna ufyonzaji unaokitoa unga wote uliojificha katika nyuzi. Afadhali kuwa na mifuko kadhaa inayofuliwa na kukaushwa kabisa, au kutumia kopo lenye mfuniko pale mashine inaporuhusu. Mwisho futa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo kilichokamuliwa, acha spiriti ikauke yote mashine ikiwa bado imechomolewa, kisha rudisha kila kitu. Maji yasimiminwe ndani ya chumba. Unga ukilowa unakuwa uji, uji ukikauka unakuwa gundi, na chuma kilichobaki na unyevu hushika kutu kabla ya Jumatatu.

Usafi kamili wa namna hiyo, wa kufungua kila kitu, hauwezekani baada ya kila sampuli katika maabara inayopokea sampuli nyingi kwa siku, na anayesema anaufanya huenda haufanyi. Njia inayokubalika kati ya sampuli ni kufyonza sehemu zinazofikika haraka, kisha kusaga mahindi safi ya kusafishia, gramu 200 hadi 500 kulingana na ukubwa wa mashine, na kuyatupa. Mahindi hayo yenyewe lazima yawe yamepimwa na kukutwa hayana sumukuvu, na tarehe ya kupimwa kwake iandikwe kwenye ndoo yake. Mara kwa mara, hasa baada ya sampuli iliyosoma juu sana, usiyatupe yale ya kusafishia: yapime. Namba utakayoipata itakuambia mashine yako inabakiza kiasi gani, na ni ushahidi bora kuliko macho ya mtu yeyote, yangu yakiwemo. Namba ikikusumbua, rudia kusaga sampuli zote zilizofuata baada ya ile chafu, hata kama mteja anapiga simu kila saa. Inasaidia pia kupanga foleni kwa akili: zilizo safi machoni zitangulie, zenye ukungu wa kijani, punje zilizovunjika na harufu ya uvundo zije mwisho wa siku, kabla ya ule usafi wa kufungua kila kitu. Macho hayapimi sumukuvu, lakini hupanga foleni vizuri.

Sampuli mbichi huongeza kazi. Mahindi ya sokoni yanatakiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, lakini yanayoletwa baada ya mavuno ya msimu wa mvua huzidi sana, na yakisagwa hivyo hivyo huziba chekeche, hupasha mota moto na kuacha utando unaonata. Yakaushe kwanza kwenye oveni kwa joto la wastani. Aflatoksini haivunjiki kwa joto la kukaushia, kwa hiyo usiogope kuipoteza. Karanga hazitaki mashine hii kabisa, kwani mafuta yake huzigeuza kuwa siagi ndani ya chumba. Husagwa pamoja na maji kwenye blenda kubwa hadi ziwe rojo. Atakayepuuza hilo atatumia mchana wote akikwangua.

Meza, trei na vyombo vya kioo vilivyoguswa na unga wenye sumu husafishwa kwa jiki, ambayo huivunja aflatoksini. Soma lebo: ikiwa ni ya asilimia 3.5 ya sodiamu hipokloriti, sehemu moja ya jiki na sehemu mbili na nusu za maji hutoa myeyusho wa asilimia 1, nao unatosha. Vyombo vya kioo vilowekwe kwa saa mbili. Usiloweke nyundo wala chekeche, kwa kuwa jiki hula chuma, hata kile kinachoitwa hakishiki kutu, na usiichanganye kamwe na asidi au na sabuni yenye amonia, kwa sababu hutoa gesi zenye sumu.

Unga uliobaki ni jambo ambalo natamani lingeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu. Kila maabara ina mtu anayefuga kuku, na kilo kadhaa za unga mzuri kutupwa kila jioni humuuma moyo. Asipewe. Kuku hudhurika na sumukuvu, na wa kwanza kabisa kuitambulisha kwa wanasayansi walikuwa bata mzinga zaidi ya 100,000 waliokufa Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga. Ng'ombe akila unga huo sehemu ya sumu hutoka kwenye maziwa, na maziwa hayo mtoto hunywa. Fungasha unga kwenye mifuko miwili, andika kilichomo, na upeleke kuchomwa kwenye tanuri la taka linalotambuliwa.

Upande wa matunzo, kipimo rahisi na chenye faida kuliko vyote ni kuchekecha unga wa mashine yenu wenyewe. Pima gramu 100 za unga, uzipitishe kwenye chekeche la maabara la milimita 0.85, pima kilichopita, andika asilimia. Fanya hivyo mashine ikiwa mpya au imetoka kufanyiwa matengenezo, kisha rudia kwa ratiba, kwa mfano kila wiki. Asilimia ikishuka ghafla, tafuta tundu lililopasuka kwenye chekeche la mashine. Ikishuka polepole kwa wiki nyingi, huku kusaga kukichukua muda mrefu zaidi na unga ukitoka na joto, nyundo zimelika. Kingo za nyundo nzuri ni za pembe kali, zilizochoka ni za duara. Mashine nyingi huruhusu kuzigeuza upande wa pili kabla ya kununua mpya. Zinapobadilishwa, zibadilishwe kwa jozi zinazotazamana na zenye uzito sawa, ukizipima kwenye mizani, kwa sababu tofauti ndogo ya uzito kwenye mzunguko wa kasi huleta mtetemo unaokula beringi.

Beringi husemea kwa sauti. Mlio wa kukwaruza au wa filimbi, au joto usiloweza kuvumilia kwa mkono kwenye nyumba yake baada ya kuzima, ni dalili za kuita fundi. Usikimbilie grisi: beringi nyingi za mashine ndogo zimezibwa kiwandani na hazitiwi kitu, na zile zinazotiwa zikijazwa kupita kiasi hupata moto zaidi. Mkanda ukaguliwe mipasuko na ulegevu, na kinga yake irudishwe kabla ya kuwasha. Kabla ya kumimina sampuli yoyote, ipitishe kwenye chekeche pana na juu ya sumaku, maana mahindi ya gunia huja na mawe, vipande vya misumari na mara nyingine nati za trela. Unga ukigoma kushuka, sukuma kwa mti wa mbao uliotengenezwa kwa kazi hiyo, mfupi kiasi kwamba hauwezi kuzifikia nyundo.

Kwa wanaosaga majani au udongo kwa ajili ya kupima madini, nyongeza moja tu: nyundo za chuma huacha chuma, kromi na manganizi kwenye sampuli, na bakuli za kabaidi ya tangsteni huacha kobalti. Chagua chombo kwa kuangalia unachopima.

Kila usafi, kila badiliko la nyundo na kila asilimia ya chekeche iandikwe kwenye daftari la mashine, kwa tarehe na jina la aliyefanya. Maabara yenye ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara za upimaji, hudaiwa daftari hilo na wakaguzi, lakini hata isiyo na ithibati hulihitaji siku mteja anapopinga matokeo. Mashine inapopelekwa nje kwa fundi, isafishwe kikamilifu kwanza na ibandikwe karatasi inayoeleza kwamba ilisaga nafaka zenye sumukuvu, imesafishwa lini na kwa njia gani, kwa kuwa fundi wa karakana atapuliza kwa mdomo kila tundu atakaloliona na hakuna mwingine wa kumwonya. Ikirudi, saga mahindi ya kusafishia mara mbili, ili grisi na vumbi la karakana vitoke, pima asilimia ya chekeche na uilinganishe na ya kabla ya matengenezo, na sampuli ya mteja isiguse mashine hiyo hadi namba hizo mbili ziwe zimeandikwa kwenye daftari.